Safu ya Mwisho Ilibaki Kijani

Mama alikuwa ameshaketi kwenye benchi la kituo kabla Inspekta hajafika, kapu mapajani, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, kama mtu aliyeitwa kwenye kikao. Ilikuwa hivyo kila asubuhi tangu mwanawe mkubwa alipokutwa amekufa ndani ya shimo, katika kiwanda cha kusafisha maji machafu, na mwanawe mdogo akatiwa mahabusu kwa kushukiwa kuwa ndiye aliyemuua.

Wote watatu walikuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho. Mkubwa aliitwa Mvunaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuvuna mwani uliolelewa ndani ya maji yale. Mdogo aliitwa Fundi, kwa kuwa mabomba yote yalikuwa mikononi mwake. Mama mwenyewe alikuwa akiilea mbegu ya mwani ndani ya chupa, na hapakuwa na mtu kiwandani aliyemwita kwa jina jingine ila Mama Mbegu.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea chai."

"Atapewa."

"Mkubwa yuko katika chumba cha maiti, mdogo yuko katika chumba chako. Mimi nimebaki na vyumba vitupu." Alisimama kwa kujikongoja. "Niachie huyu aliyebaki. Hakumuua ndugu yake. Mtafute aliyefanya hivi, nami nitakushukuru mpaka nife."

"Ninamtafuta."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani, mama."

Aliridhika, akamkabidhi chupa ya chai, akalikumbatia kapu lake, akashika njia ya kwenda kazini. Inspekta alimtazama mpaka alipotoka langoni. Kisha akachukua spana iliyokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo, akaenda mahabusu.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni ingawa kiti kilikuwapo. Inspekta aliivuta meza, akaiweka spana juu yake.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ilikutwa juu ya mfuniko wa shimo alimofia kaka yako. Wewe umesema hukufika hapo siku hiyo."

Fundi aliyakunja magoti yake, akayakumbatia.

"Kesho asubuhi utasomewa shtaka la mauaji. Leo bado unasikilizwa na mimi."

Fundi aliigusa spana ile kwa kidole.

"Nilifika," akasema. "Tuligombana asubuhi, afande, kila mtu alitusikia. Mimi nilitaka mama aache kazi apumzike. Kaka akasema mama akikaa nyumbani atakufa kwa upweke, tumwachie chupa zake. Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia. Baadaye roho ikanisuta, nikamfuata tuyamalize. Nikakuta shimo liko wazi. Nikaita. Kimya. Nikasema, huyu amekwenda kunywa chai na mfuniko ameuacha wazi, ndivyo alivyo. Nikaufunga, na spana nikaisahau juu yake."

"Hukuchungulia?"

"Mle ni giza. Niliita tu." Akaufunika uso wake kwa mikono. "Nilimfunika kaka yangu kama sufuria, afande. Ndiyo maana nilikudanganya. Ningeanzaje kulisema hilo mbele ya mama?"

Inspekta alitoka, akamkuta Sajini akimngoja kwenye ujia. Sajini alikuwa mwanamke aliyemzidi Inspekta umri kwa kidogo na ulimi kwa mbali.

"Amekiri?" Sajini akauliza.

"Amekiri kufunga mfuniko."

"Basi si ndiyo hiyo kesi? Kamfungia, kakosa hewa."

"Daktari anasema alikosa hewa, ni kweli. Hana jeraha, wala hana maji mapafuni. Lakini mtu aliyefungiwa shimoni hufanya nini, Sajini?"

"Mimi ningepiga kelele mpaka meya wa mji asikie."

"Na ungegonga, na ungekwaruza. Kucha za Mvunaji zilikuwa nzima, na mikono yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliyefungiwa hakuwa mtu hai wa kupigania roho yake. Ilikuwa maiti."

"Sasa nani alimuua kabla ya mfuniko?"

"Tuchukue gari. Na unipitishe dukani, nataka mshumaa."

"Mshumaa! Makao makuu wametunyima mafuta ya gari, sasa wametukatia na umeme?"

Kiwanda kilikuwa pembezoni mwa mji, mahali ambapo mifereji yote ya maji machafu hukutana. Maji yale yakishachujwa taka nzito, hupandishwa na pampu mpaka kwenye mirija mirefu ya kioo iliyopangwa safu baada ya safu juani. Ndani ya mirija huelea mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho ila kwa wingi wake, na wingi huo ndio unaoyapa maji rangi ya majani. Mwani hula uchafu ulioyeyuka majini. Huhitaji jua, na huhitaji pia hewa ukaa, ambayo hupulizwa mirijani kutoka kwenye mitungi. Kila safu huishia katika shimo lake lenye tangi na chujio, na humo ndimo mwani huvunwa. Kinachobaki ni maji yanayoweza kurudishwa mtoni bila aibu.

Meneja aliwapokea kwenye lango. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala.

"Mvunaji na mimi tuliajiriwa siku moja," alisema. "Sijui niwaambie nini zaidi ya yale niliyokwisha kusema."

"Niambie tena kwa nini unaamini si hewa iliyomuua," Inspekta akasema.

"Kwa sababu ya jua. Hewa ukaa ni nzito, ni kweli, ikizidi huteremka shimoni na kulijaza. Lakini jua likiwa kali mwani huila yote mirijani, haibaki ya kuteremka. Wafanyakazi wana utaratibu wao. Hawashuki shimoni mpaka watoto wawe wamekula."

"Watoto gani?"

"Mwani. Wanauita watoto. Asubuhi wanafungua koki za hewa, wanangoja jua lipande, mmoja anasema, 'Watoto wamekula,' ndipo wanashuka kusafisha machujio. Siku ile jua lilikuwa la kupasua kichwa. Watoto walikuwa wameshiba, Inspekta. Kwa hiyo nikasema si hewa, ni mtu."

"Utaratibu huo wa kutazama jua ulianza lini?"

Meneja alisita. "Tangu feni za kunyonya hewa mashimoni zilipoungua."

"Ziliungua lini?"

"Kitambo."

"Kitambo ni neno la hadithi. Mimi naandika maelezo."

"Kabla ya mvua zilizopita. Niliomba mpya. Niliomba na kipimo cha hewa pia. Vimeagizwa."

"Vinakuja kwa miguu?" Sajini akauliza.

Meneja aliinamisha kichwa.

Inspekta alianza kutembea kati ya safu, mikono nyuma, akiangalia kioo kimoja baada ya kingine kama mwalimu anayekagua madaftari. Safu za mwanzo zilikuwa zimefifia. Rangi yake ilikuwa ya manjano iliyochoka, mfano wa jani lililosahauliwa dirishani.

"Hizi zina ugonjwa?"

"Zilibabuliwa na jua la siku hiyo hiyo. Likizidi linaudhuru mwani. Zitapona."

Aliendelea mpaka safu ya mwisho, ile ambayo Mvunaji alifia shimoni mwake. Hapo alisimama. Mirija ya safu hiyo ilikuwa kijani kibichi, kizito, kisicho na dosari.

"Na hii?"

"Hii ndiyo changa kuliko zote. Ilitiwa mbegu jana yake."

"Mwani mchanga huvumilia jua kuliko uliokomaa?"

"La hasha. Mchanga ndio unaoungua upesi. Huwa tunaufunika kwa neti siku za kwanza, lakini neti zimechanika, hatukufunika…" Meneja alikatiza maneno yake mwenyewe. Alizitazama safu zilizofifia, akaitazama hii, akazirudia zile.

"Ilipaswa kuwa ya kwanza kubabuka," Inspekta akasema.

"Ndiyo. Sikuwa nimeliona hilo. Tangu msiba sijathubutu kuja upande huu."

"Afande," Sajini aliita. Alikuwa amechutama chini ya mirija. Aliinuka na kibanio cha nguo cha buluu kati ya vidole vyake. "Meneja, mnaanika nguo hapa?"

"Labda ni cha mlinzi."

Mlinzi aliitwa. Aliapa kwamba nguo zake huanikwa na mkewe nyumbani, akawasihi wasimpelekee mkewe swali hilo, maana atataka kujua zilianikwa na nani huku. Inspekta alimruhusu aende zake, akakitia kibanio mfukoni.

Kisha akaomba safu ya mwisho ifunguliwe hewa kwa kiasi kile kile cha siku ya kifo, na watu wote wakae mbali na shimo. Walingoja jua lipande vizuri. Inspekta aliuwasha mshumaa, akaufunga kwenye ncha ya waya mrefu, akauteremsha polepole hadi chini. Ulikuwa ukiwaka ulipozama, na ulipopandishwa ulikuwa ungali ukiwaka.

"Si nilisema?" Meneja akanong'ona. "Wamekula."

"Sasa leteni turubai. Funikeni safu yote."

Walifunika, wakangoja tena. Inspekta aliuteremsha mshumaa kwa mara ya pili. Haukufika nusu ya kina cha shimo. Mwali ulilala upande, ukajikunyata, ukazimika, na moshi wake ukaelea pale pale kana kwamba umelalia kitu.

Meneja aliketi chini juu ya sementi.

"Mwani usipoona mwanga hauli," Inspekta alisema. "Hewa yote iliyopulizwa siku ile ilipita mirijani bila kuguswa, ikashukia huku. Mvunaji alifungua koki, akaja kukaa hapa penye kivuli kungoja." Alikwenda kusimama mdomoni mwa shimo, mahali aliposimama Mvunaji, akatazama mbele. Aliona ukuta wa jengo la kuchujia taka, na juu ya ukuta aliliona jua. Mirija haikuonekana kabisa. "Aliliona jua tu. Akasema watoto wamekula. Akashuka."

"Na hilo funiko la mirija lilikwenda wapi?" Sajini akauliza. "Maana alipokutwa, jioni, hapakuwa na kitu juu ya mirija."

"Aliyeliweka aliliondoa."

"Kuficha?"

Inspekta alikitoa kibanio, akakigeuzageuza. "Muuaji, Sajini, hafuniki mirija kwa vibanio vya nguo. Hii ni kazi ya mtu aliyekuwa akihurumia kitu."

Sajini alimtazama, kisha akatazama upande wa chumba kidogo chenye madirisha makubwa, ng'ambo ya uwanja. Mzaha wote ulimtoka usoni.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini, "hatuwezi kusema tu ilikuwa ajali, tukamwachia kijana, tukaishia hapo?"

"Hakimu atauliza nani alifunika. Tusipolijibu hilo, kijana atabaki mtu pekee aliyefika kwenye shimo lile. Na mimi nimeulizwa asubuhi, nikajibu."

Chumba cha mbegu kilikuwa na joto la chumba cha mtoto mchanga. Chupa zilipangwa rafu juu ya rafu, kila moja ikitoa viputo, na kijani chake kikizidi kukolea kutoka rafu ya juu hadi ya chini. Mama Mbegu alikuwa akiitikisa chupa moja kwa kuizungusha taratibu.

"Karibuni, wanangu. Angalieni msigonge chupa. Nilisema leo nisije, lakini hawa nao hawajui kama kuna msiba." Aliirudisha chupa mahali pake. "Umemwachia?"

"Bado, mama."

Mbele ya dirisha palikuwa na kamba, na kwenye kamba vitambaa vya kufutia chupa vilining'inia, vimebanwa kwa vibanio vya buluu. Sajini aliviona. Aligeuka, akasimama akitazama nje.

"Mbegu ya safu ya mwisho ni mkono wako?" Inspekta akauliza.

Uso wa mama ulichangamka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Umeiona ilivyo? Wenzao wote wamebabuka, wao wako vile vile."

"Nimeiona. Jua la siku ile lilikuwa kali sana."

"Kali! Lilinichoma mgongoni wakati nakuja, nikawafikiria wao, wachanga, ndiyo kwanza wametoka chupani. Neti zenyewe zimebaki matundu, nimesema mpaka nikaonekana mtu wa kero. Nikarudi nyumbani kuchukua mashuka yangu, yale mazito. Nilikuwa nikiwafunika wanangu kwa mashuka hayo walipokuwa wakilala kitanda kimoja, mmoja akivutia kwake na mwingine kwake. Nikayakunja mara mbili, nikayabana vizuri. Mchana jua lilipopungua nikayatoa, nikayakunja kapuni, Meneja asije akaniambia kiwanda nimekifanya ua wangu."

"Mvunaji alijua kuwa umefunika?"

"Nilifunika yeye ameshafungua hewa, ameshakwenda zake nyuma ya ukuta. Nikasema nitamwambia tukikutana kwenye chai. Huwa tunakunywa pamoja. Nilimwekea kikombe chake…"

Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea chupa nyingine, ukabaki hewani.

Inspekta aliivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Neti inapitisha mwanga," mama alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Shuka halipitishi. Tena mimi nilikunja mara mbili."

Viputo viliendelea kupanda ndani ya chupa. Mama alizitazama zote, rafu kwa rafu, kama anayetafuta moja itakayomkanusha.

"Basi hawakula," akasema. "Siku ile watoto hawakula."

"Hawakula, mama."

Alipapasa nyuma akitafuta pa kukaa, na Sajini, aliyekuwa ameshafika bila kuonekana akitembea, alimshika mabegani na kumketisha. Hakulia. Alikaa akiviangalia viganja vyake, akivikunja na kuvikunjua.

"Ulisema hata awe nani," alisema hatimaye.

"Nilisema."

"Basi niandike."

"Nitaandika yaliyotokea, yote, na mashuka yamo. Lakini shimo lile lilipaswa kuwa na feni, na mwenye wajibu wa feni si wewe. Hilo litatangulia mengine yote. Meneja na waliomzidi cheo watalijibu."

"Feni si mama yake," Mama Mbegu akasema.

Inspekta, ambaye katika miaka yake ya kazi alikuwa amejibu mawakili na mahakimu, alimfungulia mlango.

Garini mama alikaa nyuma pamoja na Sajini. Walipokaribia kituo aliuliza swali moja tu. "Nimwambie?"

"Maelezo yatasomwa mahakamani," Inspekta alijibu. "Atasikia. Ila asikie kwanza kwa nani, hilo ni la nyumba yako, si la polisi."

Fundi alitolewa kabla ya jua kutua. Inspekta alimrudishia mkanda wake na viatu vyake, akamweleza bila kuzungusha maneno: kaka yake aliuawa na hewa, kwa pumzi chache tu, na mfuniko ulipofungwa alikuwa ameshakufa. Kijana alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Ilionekana wazi kwamba maneno yamemfikia masikioni na hayajapita hapo.

Mama alikuwa amesimama kando ya benchi lake. Fundi alimwendea, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, lazima nikwambie. Mimi ndiye niliyefunga mfuniko. Nilimfunika kaka na sikuchungulia."

"Ulimkuta ameshakufa, mwanangu," mama alisema. "Aliyemfunika kabla yako ni mimi."

Akamwambia. Alilisema jambo zima akiwa wima, kuanzia jua la asubuhi mpaka kikombe cha chai, wala hakuacha kitu cha kumpunguzia. Sajini aliuelekeza uso wake ukutani. Inspekta alibaki mlangoni, kwa kuwa aliona si haki kuondoka.

Fundi alipiga hatua moja nyuma. Alimtazama mama yake, viatu vyake vyenye vumbi la kiwanda, kitambaa cha kichwa kilichoanza kulegea, na kapu zito alilolishika kwa mikono miwili. Inspekta alidhani kijana ataondoka peke yake.

Kisha Fundi alisogea, akanyoosha mkono, akampokea kapu.

"Twende, mama," akasema. "Tukamchukue kaka."